Mchezaji wa Nyumba ya Asumani

Chai ya Saidati si bora kuliko chai nyingine za Gisenyi. Katika mtaa wa Waislamu, karibu na barabara ya malori yaendayo Goma, wapo wanawake wawili wanaotia tangawizi zaidi na sukari zaidi, na mmoja wao ana viti vyenye migongo. Hata hivyo, tangu saa za adhuhuri wanaume hukusanyika kwenye baraza ya Saidati, na wengine hubaki hadi adhana ya magharibi. Hawaji kwa ajili ya chai. Wanakuja kwa ajili ya ubao.

Ni ubao wa igisoro, gogo zito lililochongwa safu nne za mashimo manane. Kete zake ni mbegu ngumu za kijivu zilizolainika kwa kushikwa na vidole vya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Huchota kete za shimo moja na kuzipanda mojamoja katika mashimo yanayofuata. Zikiishia mahali pazuri, huteka kete za mwenzake. Asiye na kete za kusogeza ameshindwa.

Mume wa Saidati alikuwa Asumani. Baba yake Asumani, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa aliyetoka upande wa Ujiji, aliupata ubao huo huko Mahoko siku za soko, kwa kubadilishana na mzee aliyekuwa amepofuka na hana wa kumwachia. Asumani aliurithi kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akicheza pale nyumbani. Ilikuwa desturi, na haijawahi kuandikwa popote: ubao hukaa na mwenye kuucheza.

Desturi nyingine mbili zinahusu habari hii. Ya kwanza ni kwamba mchezo hauhesabiwi umekwisha mpaka mshindi amtaje aliyemshinda kwa jina lake na nyumba yake, kwa sauti ya kusikika barabarani. Ya pili ni kwamba mwanamke hakai mbele ya igisoro wala hashiki kete. Wakristo wa ziwani na Waislamu wa mjini, ambao hubishana kuhusu mambo mengi, hawabishani kuhusu hilo, na hakuna kati yao awezaye kutaja sababu.

Asumani alifariki mwaka 1955. Alimwacha Saidati, ambaye alikuwa ameishi naye tangu usichana, na binti mmoja aliyeolewa Bukavu. Mtoto wa kiume hakupata. Mwalimu wa msikiti aligawa mirathi kwa utaratibu wa dini, na kila mtu akaridhika. Ubao haukutajwa. Ulikuwa barazani, watu wakiutumia, na hakuna aliyeufikiria kuwa mali.

Aliyeufikiria baadaye ni Faradji, mdogo wake marehemu, mwenye duka la vitambaa kando ya soko. Faradji ni mtu wa sauti kubwa na mkono ulio wazi, na katika igisoro ni wachache wanaomshinda. Alimsubiri shemeji yake amalize eda, akasubiri pia mwezi wa Ramadhani upite, kisha siku moja akasema mbele ya watu wote wa baraza, bila ukali.

“Shemeji, ubao ni wa mwenye kuucheza. Kama mu hii nyumba kungekuwa mutu anacheza, mi singesema neno. Lakini hakuna. Kisha Idi ya kuchinja, nitakuja kuubeba.”

Saidati alijibu kwamba amesikia. Faradji hakuwa amesema uongo, na waliomsikiliza hawakuona ubaya wowote katika maneno yake. Baadhi yao walianza kuzungumza kuhusu kivuli cha baraza ya Faradji, kwamba ni kipana zaidi. Saidati alielewa vizuri kuliko wao kitakachotokea. Ubao ukienda dukani kwa Faradji, wanaume watafuata ubao, na chai itafuata wanaume. Nyumba ingebaki na mwanamke mmoja na birika lake.

Mtu aliyeleta habari ya mashine ni Hitimana, karani wa ofisi moja ya malori. Wazungu wanaokuja kupumzika kwenye hoteli za ufukweni huacha magazeti yao ya Brussels wanapoondoka, na rafiki yake anayefanya kazi ya kupanga vyumba humwekea. Hufika barazani yakiwa yamechelewa kwa wiki nyingi. Hitimana huyasoma kwa Kifaransa kimoyomoyo, kisha huyasimulia kwa Kiswahili, na husimama kila mtu anapotaka kuuliza. Kwa njia hiyo watu wa baraza ya Saidati walikuwa wamekwisha kusikia kwamba huko Antwerp mabingwa wa hesabu wamejenga mashine ya kuhesabu inayojaza chumba, na kwamba mashine nyingine, huko Amerika, imetafsiri sentensi kadhaa za Kirusi kuwa Kiingereza. Habari hizo zilipokewa kwa utulivu. Kuhesabu ni kazi ya makarani, na Kirusi hakuna aliyekihitaji.

Habari ya mwisho wa mwezi wa tano, mwaka 1956, haikupokewa hivyo. Gazeti lilieleza kwamba mashine ya Amerika imeonyeshwa kwenye televisheni, ile redio yenye picha, ikicheza dama na mtu. Ina taa nyingi kama zile zilizo ndani ya redio. Haina mikono. Huelezwa mchezo ulivyokaa, hupima hatua zinazoweza kufuata, kisha huonyesha kwa taa zake ni kete gani isogezwe, na mtu aliyeketi kando yake huisogeza.

Twagirimana alisema basi mashine haichezi. Twagirimana ni muuza samaki wa Nyamyumba. Humaliza kuuza asubuhi, huweka kapu lake tupu chini ya benchi la Saidati na kukaa hadi jioni. Alikuwa mpole na mvumilivu, na mchezaji dhaifu kuliko wote. Kucheza naye kuliitwa kupumzika.

“Mutu mwenye iko nasukuma kete,” alisema, “ndiye iko nacheza. Hiyo mashine inamuangalia tu.”

Faradji alikuwapo. Alikuwa amekuja na mmoja wa mafundi wake wa kushona, Mugabo, mtu wa makamo mwenye midomo iliyozoea kushika pini, na walikuwa njiani kupeleka kanzu kwa mteja.

“We sha Twagirimana, harufu ya samaki imekupanda mu kichwa,” Faradji alisema. “Angalia huyu Mugabo. Iko nakata, iko nashona. Lakini mi ndiye nasema, kata hapa, weka kola hapa. Kanzu ikitoka, watu wanasema kanzu ya nani? Ya Faradji. Mikono ni mikono tu. Mwenye kuchagua, ndiye mwenye kucheza.”

Hitimana, ambaye hupenda jambo likamilike, alimuuliza: “Donc, hata kama hashiki kete?”

“Hata kama hana mikono kabisa.”

Watu walicheka, wengine wakakubali. Mugabo alitazama kanzu aliyoishika. Ubishi uliendelea kwa muda na ukamalizika kwa Faradji kushinda, kama ubishi mwingi wa baraza ile.

Saidati alipopita kukusanya vikombe alimuuliza Hitimana kama gazeti linasema mashine hukumbuka michezo iliyoshindwa. Hitimana alirudia kusoma sehemu ya chini ya ukurasa. Ndiyo, alimwambia, hilo ndilo bingwa wake analolitafuta sasa. Anataka mashine icheze, ishindwe, ijue iliposhindwa, na safari inayofuata ichague tofauti bila kufundishwa na mtu. Saidati alishukuru, akaenda kuosha vikombe.

Yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa. Kwa miaka yote ya ndoa yake jiko lake la mkaa lilikuwa mwisho wa baraza, ubao ukiwa mbele yake kidogo, kwa hiyo aliona kila mchezo akiwa amesimama, jambo ambalo wachezaji waliokaa hawawezi. Aliona safu zote nne kwa pamoja. Akigeuka kukanda unga, alisikia kete zikianguka na kujua zimeishia shimo lipi. Anasema haikuwa akili, ilikuwa kukaa karibu. Asumani alijua. Wageni walipoondoka, alikuwa akimuuliza mkewe ni wapi yeye Asumani alikosea, na mkewe alikuwa akimwambia. Walifanya hivyo ndani ya nyumba na hawakumwambia mtu.

Asubuhi baada ya habari ya mashine, Twagirimana alikuwa peke yake barazani, akirudia mchezo aliopoteza jana yake na kushindwa kuona kilichotokea. Saidati, bila kuondoka jikoni, alimwambia kosa lilikuwa hatua mbili kabla ya pale anapotazama. Twagirimana alizirudisha kete. Alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

“Mama, we unajua kucheza.”

“Mi sijawahi kushika kete,” alijibu. Halafu akamuuliza: “Utanikopesha mikono?”

Twagirimana aliuliza, akishinda, aseme ni nani aliyeshinda. Saidati alimwambia ataje jina la aliyeshindwa kama desturi inavyotaka. La mshindi, lisubiri mpaka Idi.

Njia waliyotumia ilikuwa sinia. Mandazi ya kuuza yalikaa kwenye beseni lililofunikwa. Juu ya meza ndogo, Saidati aliweka sinia lenye mandazi kumi na sita, safu mbili za nane, sawasawa na mashimo ya mchezaji mmoja. Zamu ya Twagirimana ilipofika, Saidati aligeuza andazi moja kwa koleo, tumbo juu, kama mtu anayeangalia limeiva vipi. Twagirimana, aliyekuwa akichagua kukaa upande unaotazama jiko, alichota shimo hilo. Wanaume wa baraza walisema tu kwamba tangu Asumani afariki mjane wake amekuwa nadhifu mno.

Muuza samaki alianza kushinda. Alimfunga Hitimana, akawafunga madereva wawili wa malori ya pareto waliokuwa wakimwita mtoto. Watu walitafuta sababu. Mmoja alisema amekunywa dawa, mwingine kwamba kule Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto, yuko mzee anayefundisha kwa siri. Twagirimana hakukanusha habari ya mzee. Baadaye alikiri kwamba alianza kuipenda.

Mara moja tu njia yao ilikwama. Mugabo alipita akiwa na njaa na haraka, na badala ya kungoja beseni lifunuliwe, akachukua andazi moja kwenye sinia, la tatu safu ya mbele. Kwa kulichukua, aligusa la jirani yake likageuka. Twagirimana aliona andazi limelala tumbo juu na akachota shimo lake bila kufikiri, katikati ya mchezo aliokuwa anauongoza. Alipoteza kete karibu zote za safu ya mbele. Dereva aliyemfunga alitangaza jina lake mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Tangu siku hiyo mandazi ya sinia hayauzwi kabla ya magharibi, na wateja wakiuliza sababu huambiwa bado yanapoa.

Faradji alicheza na Twagirimana mara mbili katika kipindi hicho na kumshinda zote mbili, lakini kwa kutoa jasho. Alimpongeza. Alimwambia ubao ukihamia dukani aje kila siku.

Siku ya pili ya Idi ya kuchinja, Faradji alikuja na gunia jipya la kubebea ubao na Mugabo wa kumsaidia. Alimletea shemeji yake nyama, sehemu nzuri, na kitambaa. Baraza ilikuwa imejaa watu waliovaa vizuri. Saidati alipokea zawadi, akashukuru, akamwomba shemeji yake arudie mbele ya watu maneno aliyosema baada ya Ramadhani kuhusu ubao na nyumba. Faradji aliyarudia, neno kwa neno, kwa kuwa hakuona sababu ya kuyaficha.

“Bon,” Saidati alisema. “Mutu yuko.”

Waligeuka kumtazama Twagirimana. Faradji alisema Twagirimana ni wa Nyamyumba, si wa nyumba hii.

“Twagirimana ni mikono,” Saidati alisema. “Mikono ni mikono tu. We ndiye ulisema, shemeji.”

Kicheko kilichofuata hakikuwa kikubwa. Mtu mmoja alisema mwanamke hakai mbele ya igisoro. Saidati alikubali, alisema hajawahi kukaa, hajawahi kushika kete, na hana nia. Akawaeleza siri ya sinia na koleo. Mwingine akasema Twagirimana anamsaidia mjane kwa huruma. Twagirimana aliapa kwa Mungu wake, lakini ni mtu anayejulikana kwa huruma, na kiapo chake hakikusaidia sana.

Hitimana ndiye aliyetoa shauri. Kama ni mashine, alisema, ijaribiwe kama mashine. Ipewe mikono isiyojua mchezo. Swali likawa mikono ya nani, maana barazani hakukuwa na mtu asiyejua igisoro, isipokuwa mmoja. Mugabo, aliyelelewa na misheni na kufundishwa cherehani tangu utotoni, hakuwahi kujifunza. Hata jina la kila safu hakulijua.

Faradji angeweza kukataa. Wapo wanaosema alipaswa kukataa. Lakini alikuwa ameitwa kwenye mchezo mbele ya watu, siku ya Idi, na hakuwa amewahi kukataa mchezo. Alikunja gunia, akalikalia.

Hitimana alimweleza Mugabo kazi yake: andazi likigeuzwa, chota shimo linalolingana nalo, panda kete mojamoja, na ukiambiwa endelea, endelea. Saidati alibaki amesimama jikoni kwake. Maana ya sinia haikufichwa tena. Kila mtu aliliona, na watoto walizuiwa wasilikaribie. Mugabo alipanda kete kwa uangalifu wa mtu anayehesabu vifungo. Mara kwa mara aliuliza zamu ni ya nani, na waliosimama karibu wakaona wazi kwamba hakuwa na habari kama anashinda au anashindwa.

Katika igisoro watu hutaniana, na mwanzoni Faradji alitania. Alimuuliza Mugabo kama atatia na kola. Alisema mandazi ya leo yameungua upande mmoja. Kadiri mchezo ulivyoendelea maneno yalipungua, na kufikia katikati alikuwa akicheza kimya, mkono kidevuni, kama alivyokuwa akicheza na kaka yake. Alipotekwa kete za kona alisema “yoo” kwa sauti ndogo. Hakumtazama Mugabo hata mara moja. Kila alipomaliza zamu yake aliinua macho kuangalia jiko.

Mchezo ulikuwa mrefu. Saidati aliongoza, kisha akakosea, na Faradji hakumsamehe kosa hilo. Alilikamua shimo kwa shimo mpaka upande wa Mugabo ukabaki na kete mojamoja zisizoweza kusogea. Mugabo alisubiri andazi ligeuzwe. Halikugeuzwa.

Faradji alisimama. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa kanzu yake mpya, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Walioishuhudia wanasema hakuwa ameonekana hivyo tangu msiba. Akageukia barabara na kutangaza kama mshindi anavyopaswa kutangaza.

“Nimefunga Saidati wa kwa Asumani!”

Hitimana alikohoa, kisha akamuuliza kwa adabu, kama karani anayehakikisha mzigo: “Umefunga nani, mzee? Wa nyumba gani?”

Faradji alifungua kinywa arudie, akakifunga. Kama angesema hakuwa amemshinda Saidati, basi alikuwa ametoka jasho kwa kumshinda fundi wake asiyejua kuhesabu mashimo. Kama angesema amemshinda, nyumba ya Asumani ilikuwa na mchezaji. Aliliokota gunia, akaliweka kando. Kisha alikaa tena mahali pake.

“Shemeji,” alisema, “leta chai.”

Saidati alimletea. Alipokuwa akimimina, alimwambia kwamba yeye Saidati alikosea pale alipoacha kete zake za nyuma zikae mno. Faradji alisema ndiyo, pale pale, naye aliliona mara moja. Walilizungumza kosa hilo kwa muda, mmoja akiwa ameketi na mwingine amesimama na birika, mpaka watu wengine wakaanza kuagiza. Gunia lilibaki barazani, na sasa hufunika mkaa.

Ubao uko palepale. Saidati bado hajashika kete, na hasemi kwamba atashika. Twagirimana amerudi kuwa mchezaji dhaifu, ingawa si kama zamani, na yule mzee wa chemchemi za maji moto bado anatajwa na madereva wa mbali. Mugabo amejifunza mchezo kidogo, jambo ambalo Saidati hulilalamikia. Anasema sasa hukawia kabla ya kuchota. Katika magazeti ya hoteli Hitimana hutafuta habari za mashine ya dama, na kila anapoipata huulizwa swali lilelile kutoka jikoni, kama imeshajifunza kwa makosa yake. Hujibu kwamba mabingwa bado wanajaribu.

Faradji hufunga duka mapema Ijumaa, baada ya swala. Hukaa upande wake wa ubao, huvua kofia, humtazama shemeji yake akipanga mandazi kwenye sinia, na kuuliza leo mikono ni ya nani.